Risala ya Msafiri na Madeni Yake

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa njema zote ni zake Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ewe ndugu msomaji, jua ya kuwa sisi watu wa Pwani ni watu wa safari tangu kale. Baba zetu walisafiri kwa pepo za kaskazi na kusi, wakapanda bara pamoja na misafara. Na leo vijana wetu wapanda ndege kwenda Maskati, Dubai na Ulaya kutafuta riziki. Kutafuta riziki ni jambo jema, na ardhi ya Mwenyezi Mungu ina wasaa. Lakini msafiri huangalia sana anachokichukua, na huangalia kidogo anachokiacha. Huhesabu nguo zake na tiketi yake, wala hahesabu madeni yake. Makusudio ya risala hii ni jambo moja tu: deni halisafiri pamoja na mdaiwa. Deni hukaa pale lilipofanywa, pamoja na mwenye haki yake, likimngoja.

MLANGO WA KWANZA
Mfano wa mtu wa Pangani

Tupige mfano ili jambo lifahamike. Mtu wa Pangani amekaa Mwankoko, katika mji wa Singida, miaka kumi akifanya biashara ya alizeti. Wakati wa mavuno hununua magunia kwa wakulima, wala si yote ayalipayo taslimu. Mengine huyachukua kwa mali kauli. Humwambia mama mkulima: "Mama yangu, nipe magunia yako manane, nitakulipa nikisha kuuza mafuta." Yule mama humpa, wala haombi karatasi, kwa kuwa amemjua kuwa ni mtu wa sala, na kwake yeye mtu wa sala hasemi uwongo.

Siku moja yamjia habari ya kazi Maskati. Ashuka Pangani kuaga jamaa zake, kisha asafiri, na moyoni mwake ana nia ya kulipa. Mshahara wa kwanza walipa nauli aliyokopa. Wa pili ampelekea mkewe. Wa tatu una haja nyingine. Na kabla ya kufika mavuno mengine, mauti yamkuta ugenini.

Jamaa zake Pangani wamsalia sala ya ghaibu. Imamu asimama na kutangaza, kama ilivyo ada yetu, kwamba kila anayemdai marehemu na ajitokeze. Watu wakaa kimya, na nyoyo zapoa kwa kudhani kuwa ndugu yao ameondoka bila deni. Lakini wanaomdai hawako Pangani! Wako Mwankoko, mwendo wa siku nzima kwa gari, hawakusikia tangazo lile, wala hawajui kuwa mtu wao amekufa. Basi mirathi yagawanywa, mke apewa thumuni yake na watoto mafungu yao, na ndani ya mafungu hayo mna thamani ya magunia manane ya yule mama. Watoto wala mali ya mtu pasi na kujua. Na kule Mwankoko mama yule asema neno moja, ambalo ni zito kuliko deni lenyewe: "Kumbe na watu wa sala ni vivyo hivyo."

Ni nani mwenye kosa? Si imamu, maana alitangaza. Si watoto, maana hawakuambiwa. Kosa ni la yule aliyeondoka na hesabu kichwani, na kichwa kimezikwa pamoja naye.

MLANGO WA PILI
Dalili katika mwendo wa Mtume na sahaba zake

Tazama hijra ya Bwana Mtume, rehema na amani zimfikie, mwaka 622 wa Kizungu. Watu wa Makka walikuwa wamekwisha kula njama ya kumwua, na juu ya hayo amana zao zilikuwa nyumbani kwake, kwa kuwa walimjua kuwa ni Mwaminifu. Hakusema kwamba hawa ni adui zangu, mali yao ni halali kwangu. Alimwacha Sayyidna Ali bin Abi Talib nyuma yake Makka, naye akakaa siku tatu akirejesha kila amana kwa mwenyewe, ndipo akamfuata. Zingatia, ndugu yangu: hakumwacha wakili Madina wala njiani, bali alimwacha pale pale walipo wenye haki. Na ikiwa haya yalifanywa kwa haki ya adui, basi haki ya mama wa Mwankoko aliyekudhania wema ni kubwa zaidi.

Tazama tena habari ya Zubeir bin Al-Awwam, radhi za Mungu zimshukie, aliyeuawa mwaka 36 wa Hijra. Watu walikuwa wakimletea mali aiweke amana, naye akichelea isije ikapotea, huifanya kuwa ni deni juu yake ili awe na dhamana nayo. Alipokufa deni lake lilifika 2,200,000, kama alivyopokea Imamu Bukhari. Mwanawe Abdullah aliuza mali akalipa. Warithi walipotaka wagawiwe kilichobaki, alikataa mpaka atangaze miaka minne katika msimu wa Hija, kwamba kila anayemdai Zubeir na aje. Kwa nini katika Hija, wala si katika msikiti wa mtaani kwao? Kwa kuwa alijua madeni ya mtu wa safari yametawanyika, na Hija ndipo wanapokutana watu wa kila nchi.

Na khatari ya jambo hili yajulikana katika hadithi ya Salama bin Al-Akwa, iliyo katika Bukhari. Ililetwa jeneza ya mtu mwenye deni la dinari 3, hakuacha kitu cha kulilipa, na Bwana Mtume akawaambia sahaba wamsalie wao. Hakumsalia yeye mpaka Abu Qatada alipolichukua deni lile juu yake. Dinari 3 tu!

MLANGO WA TATU
Hukumu ya kusafiri na deni

Katika madhehebu yetu ya Shafi, deni ni la namna mbili. La kwanza ni lile ambalo muda wake umefika. Mwenye uwezo wa kulilipa hana ruhusa ya kusafiri ila kwa idhini ya mdai wake, au amweke mtu wa kulilipa katika mali iliyopo. La pili ni lile ambalo muda wake haujafika. Hilo halimzuii msafiri, lakini ni wajibu wake ajue litalipwa na nani siku ikifika.

Na asiyekuwa na kitu, aende kwa mdai wake, uso kwa uso, amwambie hali yake. Sura ya Al-Baqara, Aya ya 280, imemwamuru mdai ampe nafasi mwenye dhiki. Lakini nafasi huombwa, wala haiibwi kwa kuondoka usiku.

Wako madeni mawili ambayo watu huyasahau, kwa kuwa mdai wake yumo nyumbani. Moja ni mahari yaliyobaki. La pili ni matumizi ya mke. Kwani kwa Imamu Shafi, matumizi ya mke yasiyotolewa huwa ni deni juu ya mume, wala hayafutiki kwa kupita muda. Aliyekwenda Ulaya miaka mitatu asipeleke kitu, asidhani kuwa hadaiwi.

MLANGO WA NNE
Daftari ya msafiri

Aya ya 282 ya sura hiyo hiyo, nayo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Kurani, yahusu kuandika madeni. Imeamuru liandikwe deni na muda wake, aandike mwandishi mwadilifu, anayedaiwa ndiye atamke, washuhudie mashahidi, wala watu wasichoke kuandika liwe dogo au kubwa. Wala kuandika si dalili ya kutoaminiana. Waraka za mikopo na rahani za wafanyao biashara ya misafara katika karne ya 19 zimehifadhiwa Unguja mpaka leo. Biashara ya watumwa waliyoifanya wengi wao ilikuwa ni dhulma, nasi hatuwataji kwa kuwasifu. Lakini walijua kuwa safari ni ndefu. Tippu Tip alichukua bidhaa kwa mkopo kwa tajiri Taria Topan, na safari ile ilidumu kiasi cha miaka 12 mpaka aliporejea Unguja mwaka 1882. Kauli ya mdomo haiishi miaka kama hiyo.

Basi, kabla ya kusafiri, andika daftari yenye mambo haya:

Kwanza, jina la kila anayekudai, na mahali anapokaa, na namba ya simu yake.
Pili, deni ni la nini, na kiasi chake kwa tarakimu na kwa maneno.
Tatu, tarehe ya kukopa, na muda wa kulipa, na kilichokwisha kulipwa.
Nne, unaowadai wewe, kwa mpango huo huo.
Tano, amana na rahani za watu zilizo kwako, na zako zilizo kwa watu.

Soma kila deni mbele ya mwenyewe, naye atie sahihi au dole gumba, na mashahidi wawili. Kisha toa nakala tatu: moja uende nayo, moja ikae na jamaa zako Pwani, na moja ikae pale madeni yalipo.

MLANGO WA TANO
Wakala na wasia

Msafiri ana haja ya karatasi mbili, na watu wengi huzichanganya. Hati ya uwakala humpa mtu ruhusa ya kulipa, kudai na kuuza kwa niaba yako, maadamu u hai. Ukifa, uwakala wake umekufa, katika sheria ya dini na katika sheria ya serikali. Wasia hauna kazi ungali hai, bali huanza siku ya mauti. Basi mwenye uwakala bila wasia, madeni yake hukosa mlipaji siku akifa. Na mwenye wasia bila uwakala, madeni yake hukosa mlipaji siku zote za uhai wake akiwa mbali.

Mchague wakala anayekaa mahali pa madeni. Ukiwa madeni yako ni ya Mwankoko, mjomba wako wa Tanga, hata akiwa mchaji Mungu, hatakufaa. Ieleze hati yake kazi moja moja, isimpe madaraka ya kila kitu, ishuhudiwe mbele ya mwanasheria, na umwachie mali ya kulipia. Wakala asiye na kitu mkononi ni mpokea lawama tu.

Na katika wasia wako uwausie warithi kwamba daftari isomwe kwanza, na tangazo lipelekwe kila mji uliokaa, kabla ya mirathi kugawanywa. Kwani Sura ya An-Nisaa, Aya ya 11, imeyaweka mafungu ya warithi baada ya wasia na deni.

MLANGO WA SITA
Fedha za benki na za simu

Andika katika daftari jina la benki, tawi lake na namba ya akaunti, ili warithi wajue pa kuuliza. Namba ya siri usimpe mtu. Ukitaka deni lilipwe kila mwezi, iandikie benki idhini ya kudumu itoe kiasi maalumu siku maalumu. Uliza pia akaunti hukaa muda gani bila kuguswa kabla ya kufungwa. Na laini ya simu isiyotumika siku nyingi hufungwa vile vile. Ukifa, benki haitoi fedha kwa neno la mtoto au la mke, bali humtaka msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama.

Tena, usiache fedha zako miaka mingi mahali pa kuzaa riba. Amana Bank, inayofuata taratibu za Kiislamu, ilianza kazi Dar es Salaam mwaka 2011, na benki nyingine zina madirisha ya namna hiyo.

MASWALI

Swali: Nilikopa shilingi Mwankoko, sasa napokea riale za Omani, na shilingi imeshuka. Nilipe nini?
Jawabu: Deni hulipwa kwa mfano wake: shilingi kwa shilingi, hesabu ile ile. Hivyo ndivyo lilivyoamua Baraza la Fiqhi la Kiislamu katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988. Mkiridhiana siku ya kulipa kutumia fedha nyingine, iwe kwa bei ya siku hiyo. Na ukizidisha kwa hiari yako pasi na sharti, huo ni wema, wala si riba.

Swali: Sheria ya Tanzania yasema madai ya mkataba mwisho wake miaka 6. Ikipita, nimesalimika?
Jawabu: Umesalimika na mahakama ya dunia. Deni halizeeki mbele ya Mwenyezi Mungu.

Swali: Benki ile ni ya riba. Je, si halali kuikimbia na mkopo wake?
Jawabu: Kuingia katika riba ni dhambi, na kukimbia ni dhambi ya pili. Rasilimali uliyoichukua ni mali ya watu. Tena huko nyuma umemwacha mdhamini, naye ndiye atakayeuziwa nyumba. Tubia lile la kwanza, na ulipe.

KHATIMA

Ewe uliyekwisha kusafiri nawe wasoma haya ugenini, mlango haujafungwa. Chukua simu leo, umpigie yule mama wa Mwankoko, umwambie: "Mama, sijakusahau, deni lako ni magunia manane, na fulani atakuletea kiasi kadha mwisho wa mwezi." Kisha utimize. Kwa neno hilo utakuwa umeikomboa nafsi yako, na umewalinda watoto wako na mali isiyo yao, na umeirejeshea dini yako heshima katika mji ule.

Ewe Mola, tutoshe kwa halali yako, utulipie madeni yetu, wala usitufishe na haki za waja wako juu ya shingo zetu. Amin.