Uzito Uleule, Nguvu Zaidi: Somo la Afya kwa Mfanyakazi



Mwenzetu mmoja wa chumba cha kufungashia chai alipimwa zahanati, akaambiwa uzito wake ni mzuri. Ana kilo 68 na urefu wa sentimita 170. Alirudi kazini hana furaha. "Kama uzito ni mzuri," alituuliza, "mbona mkanda wa suruali nimeusogeza matundu mawili, na gunia nililokuwa nikilibeba peke yangu sasa linaniumiza mgongo?"

Swali hilo ndilo somo letu katika toleo hili. Tumezoea kusoma habari za mtu aliyekonda kwa njaa, na siku hizi habari za mtu aliyenenepa kupita kiasi. Mtu wa katikati, ambaye mizani inamsifu lakini tumbo linakua na nguvu zinapungua, haandikiwi mara nyingi. Naye yuko katika kila kiwanda.

Tuanze na hiyo mizani. Zahanati huchukua uzito kwa kilo na kuugawa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kwa mwenzetu, 1.70 mara 1.70 ni 2.89, na 68 ikigawanywa kwa 2.89 inakuwa 23.5. Mtu mzima aliye kati ya 18.5 na 24.9 huhesabiwa kuwa na uzito unaofaa. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini mizani haioni ndani ya mwili. Haijui kama kilo inayoipima ni ya msuli au ya mafuta. Mtu akipoteza kilo tatu za msuli na kupata kilo tatu za mafuta, mizani itasema hakuna kilichobadilika. Yeye mwenyewe atajua, maana kilo ya mafuta huchukua nafasi kubwa kuliko kilo ya msuli, na mafuta hayabebi gunia. Tena, baada ya miaka 30 hivi misuli huanza kupungua taratibu kwa mtu asiyeitumia ipasavyo. Kwa hiyo mtu anaweza kukaa na uzito uleule miaka kumi, na kumbe mwili ni mwingine.

Kipimo bora kwetu ni kamba, na haina gharama. Kata kamba yenye urefu wako kamili, kutoka unyayo hadi utosini. Ikunje katikati. Sasa izungushe kiunoni, juu kidogo ya kitovu, bila kulivuta tumbo ndani (wengi hapa hujidanganya). Ncha zikikutana, kiuno chako hakizidi nusu ya urefu wako, na hilo ni jambo jema. Zisipokutana, mafuta yamezidi tumboni, hata kama uzito unafaa. Mafuta ya tumboni ndiyo yanayohusiana zaidi na kisukari na maradhi ya moyo. Kamba ya mwenzetu ilipungua vidole viwili.

Hapa wengi watasema: sisi tunafanya kazi za mikono tangu asubuhi hadi jioni, mazoezi gani tena? Swali hili lina uzito, na halifai kujibiwa kwa haraka.

Ni kweli kwamba kazi ya kutembea na kupanda humsaidia mtu. Mnamo 1953 daktari Jerry Morris na wenzake wa Uingereza walichapisha uchunguzi juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva alikaa kitini zamu nzima; kondakta alipanda na kushuka ngazi za basi akikata tiketi. Makondakta walipatwa na ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva. Mwaka 1956 wakaangalia hata vipimo vya sare walizopewa na kampuni, wakakuta madereva walivaa suruali za kiuno kipana kuliko makondakta wa umri uleule. Hivyo fundi cherehani wa sare alikuwa na habari ambazo mizani ingezificha.

Lakini si kila kazi ngumu ni kama ile ya kondakta. Uchunguzi wa miaka ya karibuni huko Denmark na kwingineko unaonyesha kwamba kuinua na kusimama kutwa nzima kazini hakuulindi moyo kama mazoezi ya wakati wa mapumziko yanavyoulinda. Sababu tunazifahamu wenyewe. Mfungashaji huinua katoni ileile, kwa mkono uleule, akiinama upande uleule, mara mia nyingi kwa siku, na hapangi yeye lini apumzike. Mashine ndiyo inayompangia. Mwili ukishaizoea katoni hiyo hauna haja ya kuongeza nguvu. Unachopata ni uchovu, na sehemu moja ya mgongo inaisha huku nyingine zikilala.

Msuli hukua kwa kudaiwa zaidi kidogo ya ulivyozoea, kisha ukalishwa na kupumzishwa. Jambo hili lilithibitishwa vizuri na Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani, aliyekuwa akiwatibu askari wenye viungo vilivyodhoofika wakati wa Vita Kuu ya Pili. Badala ya kuwapa mazoezi mepesi yasiyo na mwisho, aliwapa uzito ambao kila mmoja angeweza kuuinua mara kumi tu, na nguvu zilipoongezeka aliongeza uzito. Aliandika habari zake mwaka 1945. Mpaka leo msingi ni huo.

Sasa tuje kwenye vifaa. Hatuna ukumbi wa vyuma, lakini kila nyumba ina jerikani ya lita 20, nayo ni mizani na chuma kwa pamoja, kwa kuwa lita moja ya maji ni kilo moja. Anza na lita 8 au 10. Ikumbatie kifuani, chuchumaa taratibu huku visigino vikiwa chini, kisha inuka. Hilo ni la mapaja na makalio, misuli mikubwa kuliko yote. Kisha piga pushapu; asiyeweza sakafuni aanze kwa kuegemea ukuta au benchi. La tatu ni kuvuta: inama ukiwa umenyoosha mgongo, mkono mmoja ushike benchi, wa pili uvute jerikani kutoka chini hadi ubavuni, kisha ubadilishe. La nne ni kutembea hatua 40 ukiwa na jerikani kila mkono, mabega yamenyooka. Kila zoezi rudia mara 8 hadi 12, pumzika dakika mbili, fanya tena, mpaka mizunguko mitatu. Usiende mpaka uanguke. Acha ukiwa bado ungeweza mara mbili hivi. Usibane pumzi: ukiinua, itoe. Ukiona umefika 12 kwa urahisi katika mizunguko yote, ongeza lita mbili. Siku mbili au tatu kwa wiki zinatosha, na kati yake iwepo siku ya kupumzika. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2020 linamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya nguvu angalau siku mbili kwa wiki, pamoja na dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani. Anayetembea kwa miguu haraka kwenda kiwandani, hizo dakika huenda anazo tayari.

Tunawaambia kina dada pia, kwa sababu tumesikia hofu hiyo: jerikani haitawapa kifua cha mwanamume. Homoni za mwanamke haziruhusu hilo. Itawapa mifupa imara, jambo ambalo mwanamke atalihitaji sana akishapita umri wa kuzaa.

Na kuna mazoezi ya tumbo. Vijana hujikunja sakafuni mara mia wakidhani mafuta ya hapo yatayeyuka. Msuli wa tumbo utapata nguvu, lakini mafuta huchukuliwa mwili mzima kwa utaratibu wa mwili wenyewe, si pale unapopataka.

Mafuta hupungua kwa njia ya sahani na kikombe. Kwa mtu mwenye uzito unaofaa hakuna haja ya kushinda njaa. Akishinda njaa atapoteza msuli ule ule anaoutafuta. Apunguze kidogo vitu vinavyotia nguvu nyingi bila kujenga mwili. Mwenzetu alikunywa vikombe vinne vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko vinne vya sukari. Kijiko cha chai ni kama gramu 4, kwa hiyo alikula gramu 64 za sukari kabla hatujahesabu soda na mandazi. Hizo ni kalori kama 256. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori zipatazo 120, na andazi hunywa mafuta kama sifongo. Pombe nayo ina kalori 7 kwa kila gramu, karibu sawa na mafuta yenye 9. Hatukumwambia aache chai, maana ni kiwanda cha chai! Alishuka hadi kijiko kimoja kwa kikombe.

Kisichopunguzwa ni protini. Mtu mzima wa kawaida anahitaji kama gramu 0.8 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, lakini anayejenga misuli hufaidika na gramu 1.2 hadi 1.6. Kwa kilo 68 hiyo ni gramu 80 hadi 110. Usiogope, wala usikimbilie makopo ya unga yenye picha za wanaume waliovimba. Unga wa posho gramu 300 una protini kama gramu 24. Maharage makavu gramu 150, yaani kabla ya kupikwa, yana kama 33. Konzi ya mukene wakavu, gramu 30, wana karibu 18. Karanga gramu 30 zina 7. Tumeshafika 82 bila nyama, na kikombe cha maziwa au yai moja moja vitaongeza. Posho peke yake haitoshi, kwa kuwa protini ya mahindi ina upungufu ambao maharage huujaza. Wazee walipozioanisha sahani hizo mbili hawakuwa na maabara.

Juu ya vidonge tunasema waziwazi. Vile vya kunenepesha vinavyouzwa kwa siri sokoni, baadhi yake ni dawa za jamii ya deksamethasoni. Huvimbisha uso na tumbo kwa maji na mafuta, na kwa ndani hula msuli na mifupa. Aliyekwisha vitumia kwa muda asiviache ghafla, amwone daktari.

Usingizi tunautaja kwa ufupi, ingawa kwa watu wa zamu ya usiku ndio mgumu kuliko yote. Watafiti wa Chicago mwaka 2010 waliwapunguzia chakula watu 10, kwanza wakilala vya kutosha, kisha wakilala kidogo, au kinyume chake. Uzito uliopungua ulikuwa sawa, lakini waliponyimwa usingizi walipoteza mafuta kidogo na msuli zaidi. Atokaye zamu ya usiku afunge dirisha kwa kitambaa kizito, na jamaa wa nyumbani wamsaidie kwa kupunguza kelele.

Somo hili lina watu wasiohusika nalo. Mkata miwa aliyeinama juani tangu alfajiri hana haja ya jerikani jioni. Yeye anahitaji chakula zaidi, maji na kulala. Aliye chini ya 18.5 katika hesabu yetu ya kwanza asipunguze chochote. Mjamzito, mwenye ngiri, mwenye shinikizo la damu lisilotibiwa, au mwenye maumivu ya mgongo yanayoshuka mguuni, aende zahanati kwanza.

Tena yapo mambo ambayo mfanyakazi mmoja hawezi kuyatengeneza kwa jerikani. Pendekezo namba 128 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1967, linataka mzigo wa kubebwa na mwanamume mmoja usizidi kilo 55, na wa mwanamke uwe mdogo zaidi sana. Wengi wenu mmebeba magunia ya kilo 100. Pendekezo namba 102 la 1956 linahusu kantini na huduma za mapumziko kazini. Katika kikao kijacho cha tawi, wajumbe wa kamati waje na majibu ya maswali haya: gunia lina kilo ngapi, mchana kantini hutoa maharage kiasi gani kwa mtu, na mfungashaji hubadilishwa upande wa mashine baada ya saa ngapi.

Mwenzetu alipimwa tena baada ya miezi minne. Mizani ilisema kilo 67. Muuguzi akamwambia hakuna mabadiliko makubwa. Yeye akatoa kamba mfukoni, akaizungusha kiunoni, na ncha zikapishana vidole vitatu. Jerikani sasa anabeba mbili zilizojaa.