Gari la Baba: Somo la Kuwatendea Wema Wazazi

Surat Al-Israa, aya ya 23, inatuamrisha kuwatendea wema wazazi na kutukataza hata kuwagunia. Somo hili tulilielewa uani kwetu, tulipokuwa tukimtengenezea baba Datsun 240Z yake kuukuu, aina ya gari iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973.

Tulikwangua kutu, tukachomelea mabati, tukasafisha kabureta zote mbili. Kabureta hizo lazima zivute hewa sawasawa, la sivyo injini hutetemeka. Baba alikaa kando akirudia maelezo yale yale. Tukamjibu kwa ukali: "Tushajua!" Akanyamaza, akaingia ndani. Hadi Magharibi injini haikutulia.

Tulimwendea tukamwomba radhi. Macho yake yamepungua nuru, lakini aliweka mpira wa maji sikioni, akasikiliza kila kabureta, akatuelekeza kuzungusha skrubu. Injini ikatulia.

Mafunzo:
1. Zawadi haifuti neno la ukali.
2. Mzazi hushirikishwa, hawekwi kando.
3. Radhi huombwa angali hai.

Allah atujaalie radhi za wazazi wetu. Amin.