Jack Harlow: sauti tamu, maneno machache

Swali: Msomaji wa Louisville anauliza kama albamu ya rapa Jack Harlow ya 2022, Come Home the Kids Miss You, ilionewa na wahakiki.

Jibu: Kidogo tu. Wimbo wake First Class, uliotumia kipande cha Glamorous ya Fergie, ulishika namba 1 kwenye chati ya Hot 100 ya Marekani, na kiitikio chake hakitoki kichwani. Harlow huchana kwa utulivu, bila kukimbizana na mdundo.

Ila anachana nini? Umaarufu, wanawake, umaarufu tena. Katika Churchill Downs, wimbo wenye jina la uwanja wa mbio za farasi wa Louisville, mgeni Drake anamfunika mwenyeji kwao!

Msomaji atafute Jackman, albamu ya Harlow ya 2023: nyimbo 10, hakuna mgeni, na Common Ground inawachokonoa vijana wazungu wanaoiga utamaduni wa Weusi.