Dawa ya pilipili kwa bustani ya nyumbani

Wakati wa kiangazi hapa Bujumbura, Juni hadi Septemba, vidukari hunyonya majani ya lengalenga na kabichi. Tengeneza dawa hii:

1. Ponda pilipili kali, kiganja kimoja. Loweka katika lita 1 ya maji usiku kucha.
2. Chuja kwa kitambaa. Ongeza sabuni kidogo ili dawa ishike majani.
3. Nyunyizia jioni, hasa chini ya majani. Rudia baada ya siku 7.

Jihadhari: usiguse macho. Usitumie tumbaku, sumu yake hupenya ngozi. Usinunue dawa ya chupa isiyo na maandishi: mtoto akiinywa, daktari hatajua ni sumu gani. Osha mboga kwa maji safi kabla ya kupika.