Pauni 20 za ajenti, pauni 15 za slipu

Barua imetoka kwa dada mmoja anayehudumia wazee huko Leicester, Uingereza. Ajenti alimpigia simu: kazi ipo, pauni 20 kwa saa, ila malipo yatapitia "umbrella". Akakubali. Wiki ya kwanza akapiga saa 37 na nusu, kichwani akihesabu pauni 750 kabla ya kodi. Slipu ya mshahara ilipokuja, alikuta kodi yake imekatwa, na juu yake makato mengine asiyowahi kuyasikia. Anauliza kama ameibiwa.

Inawezekana hujaibiwa, dada yangu, na hilo ndilo linaloniudhi.

Ukipitia kampuni mwavuli, mwajiri wako si ajenti wala nyumba ya wazee unakokesha. Mwajiri ni hiyo kampuni, ambayo pengine hata mlango wake huujui. Zile pauni 20 ulizotajiwa ni pesa anazotoa ajenti kuipa kampuni. Mshahara wako haujafikiwa bado. Kwanza kampuni inachota humo gharama zake zote za kuwa mwajiri.

Tupige hesabu kwa viwango vya mwaka wa kodi ulioanza Aprili 2025. Katika pauni 750, kampuni inatoa ada yake, tuseme 20 kwa wiki. Inatoa mchango wa mwajiri wa bima ya taifa, asilimia 15 ya kinachozidi pauni 96 kwa wiki: kama pauni 82. Inatoa tozo ya uanagenzi, nusu ya asilimia, pauni 3 na ushei. Zinabaki 644 na nusu, na humo zimo pesa zako za likizo, kama 69. Ukizitenga, mshahara ni 575. Gawa kwa saa zako: pauni 15.34. Na hapo kodi yako wewe na mchango wako wa bima havijaguswa, wala pensheni, ambayo ikianza, hata sehemu ya mwajiri itatoka katika fungu hilohilo.

Sheria inamkataza mwajiri kukata mchango wake wa bima ya taifa kwenye mshahara wa mfanyakazi. Kampuni hizi zinapenya kwa kuwa na bei mbili: ya ajenti, na ya mkataba wako. Mchango ukitolewa kabla ya kufika bei ya mkataba, hakuna kosa. Ukitolewa baada yake, ni kosa. Kwa hiyo, dada, fungua mkataba uliosaini utafute kiwango kilichoandikwa humo. Kikiwa ni pauni 20, wana lako la kujibu.

Tangu tarehe 6 Aprili 2020, ajenti anapaswa kukupa waraka wa taarifa muhimu kabla hamjakubaliana masharti. Unaitaja kampuni itakayokulipa, makato yote, na mfano wa hesabu mpaka pesa ya mkononi. Je, uliupata? Wengi hawaupati, au unakuja umefukiwa kwenye barua pepe yenye viambatisho kumi, usiku wa kuamkia zamu. Wapo pia maajenti wanaokusainisha karatasi ya kujitoa katika kanuni za maajenti za 2003, na ukishajitoa, waraka huo haukuhusu tena. Lakini kwa anayehudumia wazee dhaifu, wagonjwa au watoto, kujitoa huko hakuna nguvu kisheria, hata kama saini ni yako. Ajenti analijua hilo vizuri. Anakuletea karatasi tu kwa sababu wewe hulijui.

Pesa za likizo nazo zitazame kwa macho mawili. Likizo ya kisheria ni wiki 5.6 kwa mwaka. Kampuni ikizilipa pamoja na mshahara, lazima zionekane katika mstari wao kwenye slipu. Ikiziweka akiba, ziombe. Kuna kampuni zimenenepa kwa kungoja mwaka wa likizo uishe kimya kimya, kisha zikasema siku zimepotea. Mwajiri ambaye hakukuhimiza kuchukua likizo wala kukuonya kwamba utaipoteza hawezi kukufutia zile wiki 4 za kwanza.

Akija mwingine kukuahidi kwamba utabaki na asilimia 85 au 90 ya malipo, kimbia. Hapo utalipwa mshahara wa kima cha chini, na kinachobaki kitaitwa mkopo, au marupurupu yasiyotozwa kodi. Mamlaka ya kodi, HMRC, ikigundua, deni la kodi linaweza kukuangukia wewe, na aliyekushauri atakuwa amefunga kampuni na kufungua nyingine. HMRC hutangaza majina ya mipango ya aina hii. Tafuta humo kabla ya kusaini. Ingia pia kwenye akaunti yako ya kodi uone kama kinachokatwa kwenye slipu kinaripotiwa kweli.

Serikali ya huko imeamka, kwa namna yake. Katika bajeti ya Oktoba 2024 ilitangaza kwamba kuanzia Aprili 2026 ajenti atabeba kodi ya mishahara ambayo kampuni mwavuli haikuilipa. Vizuri. Ila tazama ni pesa ya nani iliyowahiwa kukingwa: ya hazina. Likizo yako iliyomezwa hakuna ajenti anayewajibishwa nayo kwa hatua hiyo. Na mchezo wa bei mbili umeachwa, ajenti aendelee kutangaza pauni 20 ambazo hakuna mfanyakazi atakayelipwa.

Wewe, dada, mwandikie ajenti leo, kwa maandishi, udai ule waraka, na umuulize kama anaweza kukulipa yeye mwenyewe moja kwa moja. Mkataba ukionyesha umekatwa isivyo halali, nenda kwanza ACAS, shirika la usuluhishi wa migogoro ya kazi, ni bure, ndipo baraza la kazi. Usikae ukingoja ajenti akupigie: hesabu miezi 3 kasoro siku 1 tangu siku ya makato hayo, na uwe umefika ACAS kabla haijaisha.