Kuotesha Miche ya Mboga Nyumbani

Mkulima wa Sapiwi, mbegu za nyanya na kabichi hununuliwa kwa fedha. Ukizisia shambani kabla ya mvua kutulia, jua huzikausha, na udongo mweusi wa mbuga hupasuka na kukata mizizi michanga. Hapo fedha imepotea na msimu unapita. Lakini huna haja ya kitalu nyumba cha nailoni. Debe bovu na baraza vyatosha. Fuata maneno haya.

1. Chombo. Pasua debe la lita 20 kwa urefu, upate vyombo viwili. Kunja kingo zisikukate. Toboa chini kwa msumari, kwani maji yakituama mizizi huoza.

2. Udongo. Changanya sehemu 2 za udongo mwepesi wa luseni na sehemu 1 ya samadi iliyooza kabisa. Umwagie maji yanayochemka, uufunike, uache upoe. Kazi hii hupunguza kinyausi, ugonjwa ulegezao shina chini hata mche ukaanguka.

3. Kusia. Chora mistari yenye kina cha sentimita 1, na nafasi ya sentimita 5 kati yake. Sia mbegu mojamoja, funika kwa udongo, kisha nyasi kavu. Weka chombo ndani. Nyanya huchipua kwa siku 5 hadi 10.

4. Mwanga. Mara uonapo chipukizi, ondoa nyasi, utoe chombo kwenye baraza linalopata jua la asubuhi. Mche ukaao gizani hurefuka na kupauka. Usiku urudishe ndani, wala mchana usiuache penye kuku na mbuzi.

5. Maji. Nyunyiza asubuhi kwa kopo lililotobolewa. Udongo uwe na unyevu, usiwe tope.

6. Kuhamisha. Miche huwa tayari baada ya wiki 4 hadi 6. Wiki ya mwisho punguza maji, uizoeze jua. Hamisha jioni, ardhi ikiwa imelowa. Nyanya zipewe sentimita 60 kati ya mche na mche. Karoti zisihamishwe, zisiwe bustanini moja kwa moja.

Jambo la mwisho ni kubwa: usisie mbegu zote siku moja. Sia nusu katikati ya Oktoba, na nusu baada ya siku 14. Mvua za kwanza zikikudanganya, miche ya pili itakuwa ingali barazani pako.