Umeme wa Gari la Kulala Porini

FUNDI: Hiyo Hiace ndiyo umeigeuza nyumba?

KIJANA: Ndiyo. Wateja watalala humo, kutoka hapa Arusha hadi Serengeti. Kitanda tayari, friji tayari, imebaki sola. Dukani wameniambia paneli ya wati 100 inatosha.

FUNDI: Inatosha nini? Walikuuliza utawasha nini?

KIJANA: Hapana.

FUNDI: Basi chukua kalamu. Friji yako wati ngapi?

KIJANA: 45, ya volti 12.

FUNDI: Haifanyi kazi mfululizo, ikishapoa inajizima. Ila kwa joto la Serengeti, na wageni wanaofungua mlango kila mara kutafuta bia, ihesabie saa 10. Hizo ni watisaa 450. Kompyuta?

KIJANA: Mpakato mmoja wa wati 60, kama saa nne.

FUNDI: 240. Simu mbili, 30. Taa, 40. Jumla 760. Ongeza robo kwa umeme unaopotea njiani, unafika 950. Hayo ndiyo matumizi yako ya siku, na kila utakachonunua kitapimwa kwa namba hiyo.

KIJANA: Kwa hiyo paneli...

FUNDI: Betri kwanza, maana usiku hakuna jua. Betri ya maji ya volti 12, ampia-saa 100, ina watisaa 1,200. Lakini ukizoea kuishusha chini ya nusu itakufa mapema, kwa hiyo zako ni 600 tu. Itabidi ufunge mbili, na hizo ni nzito kweli. Ya lithiamu, ile ya fosfeti ya chuma, kwa ampia-saa hizohizo ina 1,280, na unatumia asilimia 80 bila wasiwasi. Hesabu.

KIJANA: 1,024. Inapita 950! Lakini bei yake, mzee...

FUNDI: Ghali, najua. Nunua hiyohiyo. Na betri ya kuwashia gari usiiguse, usije ukalala na wageni porini gari haliwaki.

KIJANA: Sasa paneli.

FUNDI: Usihesabu saa 12 za mchana. Ukikusanya jua lenye nguvu kamili, unapata kama saa tano siku nzuri, nne siku za mawingu mepesi. Halafu paneli imelala bapa juu ya paa, ina vumbi, na ikichemka nguvu inapungua. Chukua robo tatu. Hiyo ya wati 100, kwa saa nne, itakupa watisaa 300.

KIJANA: Hata kwa friji haitoshi.

FUNDI: Umeona? Na usifunge tairi la akiba kando yake. Kivuli kidogo kikiangukia seli chache, paneli inaweza kupoteza sehemu kubwa ya umeme wake. Madereva wanapenda kuegesha chini ya mgunga halafu wanalaumu betri.

KIJANA: Na kule ukingoni Ngorongoro, ukungu ukishika hadi saa tano?

FUNDI: Hapo ndipo altaneta ya injini inapokusaidia. Funga chaja ya ampia 30 kati ya altaneta na betri yako ya lithiamu. Inatoa kama wati 360. Saa mbili za barabara ni watisaa 720. Gari la safari linatembea kila siku, kwa hiyo ningekuwa wewe ningefunga chaja hiyo kabla ya paneli yoyote. Ukiwa nayo, wati 200 juu ya paa zinatosha.

KIJANA: Wageni wakitaka birika la umeme?

FUNDI: La wati 1,500 kwa dakika tano linakula watisaa 125 tu. Shida ni mkondo: karibu ampia 140 kutoka kwenye betri, na nyingi za saizi yako zimewekewa kikomo cha 100. Itajizima. Chai ichemshwe kwa gesi.

KIJANA: Inveta, ile ya kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani, niiache inawaka?

FUNDI: Izime! Hata bila kazi inaweza kula wati 10. Kwa saa 24 ni 240, sawa na mpakato wako mzima. Mpakato wenyewe utafutie chaja ya volti 12.

KIJANA: Nimeelewa. Naenda dukani.

FUNDI: Ongeza fyuzi kwenye orodha. Ikae karibu kabisa na betri, kwenye waya wa chanya, si kule mwisho kwenye inveta. Waya ukichubuka kabla ya fyuzi, hakuna kitakachoukata umeme, na gari linaweza kuungua.